Kompyuta za darasani zinapata anwani ya 169.254 badala ya 192.168: tatizo liko wapi?

Mwalimu wa Kompyuta
Habari za kazi, wakuu. Ninasimamia chumba cha kompyuta katika shule ya sekondari, na mambo ya mtandao ninajifunza huku nikifanya. Tuna kompyuta kumi na mbili zilizounganishwa kwa kebo kwenye swichi moja, na swichi hiyo imechomekwa kwenye ruta ambayo pia inatoa Wi-Fi ofisini kwa walimu. Zinazowashwa asubuhi huingia intaneti bila shida, lakini tatu zinazowashwa baada ya saa nne hukataa, na nikiandika ipconfig naona anwani inayoanza na 169.254. Nimeshabadilisha kebo mara mbili. Je, kadi za mtandao zimekufa?

Fundi Kebo
Mwalimu, kadi ni nzima. Kompyuta inapowaka huomba anwani, na ruta, kupitia huduma ya DHCP, huikabidhi anwani hiyo pamoja na anwani ya lango la kutokea nje na ya DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Isipojibiwa, Windows hujipa yenyewe anwani ya 169.254, ambayo huiwezesha kuwasiliana na jirani zake waliokosa kama yenyewe, lakini haivuki ruta. Kwa hiyo namba hiyo inakwambia kuwa kompyuta imeomba na haikujibiwa. Kebo ingekuwa imekatika kabisa, taa ya swichi ingezimika.

Bi Swichi
Mimi nimeishika hiyo saa nne. Ni wakati wa chai, na walimu wote wako ofisini na simu zao. Kila simu inayoingia kwenye Wi-Fi huchukua anwani moja, na anwani hiyo huendelea kuhesabiwa kuwa ni yake mpaka muda iliopewa uishe, ambao kwenye ruta nyingi ni saa 24, hata mwenye simu akiwa ameshaondoka. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya DHCP, kisha usome anwani zinazogawiwa zinaanzia wapi na zinaishia wapi.

Mwalimu wa Kompyuta
Bi Swichi, umelenga penyewe. Ruta ilikuwa inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.120, yaani anwani 21 tu, na orodha ilikuwa imejaa: kompyuta tisa na simu kumi na mbili. Nimepanua hadi 200, nikapunguza muda kuwa saa mbili, nikaandika ipconfig /renew (amri ya kuomba anwani upya) kwenye zile tatu, na zote zimeingia. Nina swali moja la nyongeza: ruta ya nyumbani kwangu nayo ni 192.168.1.1. Hazigongani?

Fundi Kebo
Hazigongani, kwa kuwa hizo ni anwani za ndani. IPv4, yaani mfumo wa anwani za namba nne kama hizi, ina anwani takriban bilioni 4.3 tu, kiasi kisichotosha vifaa vyote duniani, ndiyo maana waraka wa taratibu za intaneti uitwao RFC 1918 wa mwaka 1996 ulitenga zinazoanza na 10, na 172.16 hadi 172.31, na 192.168, ili yeyote azitumie ndani kwake bila kuomba ruhusa. Ombi linapotoka nje, ruta huweka anwani yake ya nje mahali pa ile ya ndani, na hukumbuka ni kompyuta ipi iliyouliza ili jibu liirudie. Ila siku utakapochomeka ruta ya pili kwenye swichi hiyo hiyo, zima kwanza DHCP yake na uibadilishie anwani, maana ruta mbili zikigawa anwani kwenye mtandao mmoja, hizo tatu zitakuwa kumi na mbili.