Laptop ya kuhariri video za 4K na kazi za grafiki: ipi kati ya hizi tatu?

Fremu25

Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Kazi ni mbili: kuhariri video za matukio, na kutengeneza nembo, mabango na picha za mitandaoni kwa Photoshop na Illustrator. Kamera inarekodi 4K, fremu 25 kwa sekunde, H.265 ya 10-bit 4:2:2, megabiti 100 kwa sekunde. Klipu nyingine zinatoka kwenye simu. Natumia Premiere Pro, na nafikiria kuhamia DaVinci Resolve ya bure.

Zilizobaki ni hizi, zote zimetumika na bei zinakaribiana:

A. Core i7-1255U, RAM GB 16 iliyochomelewa kwenye bodi, haina kadi ya picha ya ziada, skrini ya OLED inchi 14.

B. Core i5-12500H, RAM GB 8 kipande kimoja, kadi ya picha ya RTX 3050 yenye GB 4, skrini ya IPS inchi 15.6 ambayo sifa zake zinasema 45% NTSC.

C. MacBook Air M1, GB 8, diski ya GB 256.

Kila ninayemuuliza anasema chukua i7. Ni sahihi?

kodeki_kwanza

Mkuu, umetaja kodeki, yaani namna kamera inavyobana video, na hapo ndipo pa kuanzia. Wengi wanakuja na swali la "laptop gani nzuri" bila kusema kamera inatoa faili la aina gani, halafu wanapewa majibu ya watu wa gemu.

H.265 haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu chache kamili, zinazofuata zinaandikwa kama mabadiliko tu. Ndiyo maana faili linakuwa dogo, na ndiyo maana ukivuta mshale kwenye timeline (mstari wa kupangia klipu) kompyuta inalazimika kujenga upya fremu za jirani kabla ya kukuonyesha ile unayoitaka. Kazi hiyo ikifanywa na saketi maalumu ya kufungua video, mambo yanakwenda laini. Ikiangukia kwenye viini vya prosesa, unapata kukwamakwama hata kama mashine ni ya bei mbaya.

Sasa, si kila saketi inaifahamu H.265 ya 10-bit 4:2:2, yaani yenye taarifa nyingi zaidi za rangi kuliko video za kawaida. Grafiki za ndani za Intel kupitia Quick Sync, saketi yake ya video, zinaifungua kwa prosesa za kizazi cha 11 na kuendelea. Chipu za Apple kuanzia M1 zinaifungua. Nvidia RTX za mfululizo wa 20, 30 na 40 hazifungui 4:2:2, uwezo huo umekuja na mfululizo wa 50. Grafiki za AMD nazo haziifungui. Kwa hiyo laptop ya Ryzen yenye RTX 4060, ambayo kwenye gemu itaziacha mbali zote tatu za kwako, inaweza kukusumbua kwenye klipu za kamera yako.

Habari njema ni kwamba A, B na C zote zinapita mtihani huu. Ila shika mambo haya.

Kwenye B, kazi ya kufungua itafanywa na grafiki za Intel, si RTX 3050. Laptop nyingine zina chaguo kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) au programu ya mtengenezaji la kutumia kadi ya Nvidia peke yake. Ukiliwasha, mara nyingi grafiki za Intel zinazimwa na Quick Sync inaondoka nayo. Acha kwenye hali ya mchanganyiko. Kisha ndani ya Premiere nenda Preferences, Media, hakikisha Intel imewekewa tiki kwenye hardware accelerated decoding. Kuthibitisha, cheza klipu huku Task Manager ikiwa wazi kwenye Performance, grafu ya Video Decode ya GPU ya Intel. Ikipanda, uko salama. Ikilala sifuri huku prosesa ikigonga 90%, kuna kitu hakijakaa sawa.

La pili, kamera nyingi zinakupa kuchagua kati ya H.265 na H.264. Usije ukabadilisha kwenda H.264 ya 10-bit 4:2:2 ukidhani ni nyepesi kwa sababu ni ya zamani. Hiyo Quick Sync haiifungui, inarudi kwenye viini vya prosesa.

La tatu ni Resolve ya bure kwenye Windows. Klipu hizo za 10-bit 4:2:2 itakupa sauti bila picha. Ama ununue toleo la Studio, ama ubadilishe faili kwanza. Kwa ffmpeg, programu ya kubadilisha faili kwa kuandika amri, inakuwa hivi:

ffmpeg -i klipu.mp4 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_hqx -pix_fmt yuv422p10le -c:a pcm_s16le klipu.mov

Zingatia hqx, usiweke hq. DNxHR ni kodeki ya kuhariria, na HQ yake ni ya 8-bit, utakuwa umetupa rangi ulizorekodi. Gharama yake ni nafasi: saa moja ya 4K kwa HQX inakula takriban GB 300.

nyuzi16

Nakazia, halafu nijibu hilo la i7.

Usisome namba ya mbele, soma herufi ya mwisho. i7-1255U ina viini 2 vya nguvu na 8 vidogo, na imeundwa kufanya kazi kwenye wati 15. i5-12500H ina viini 4 vya nguvu na 8 vidogo, kwenye wati 45. Kwa sekunde chache za mwanzo hiyo U inaweza kupanda hadi wati 55, ndiyo maana ukiigusa dukani inaonekana ina kasi. Ipe kazi ya kutoa video ya dakika 20 uone. Joto likijaa inashuka kwenye wati zake za kawaida na inabaki huko mpaka mwisho. Kwa kazi yako i5 hiyo inaishinda i7 hiyo bila ubishi.

Kwa Illustrator na Photoshop tofauti itapungua, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi zake inategemea kiini kimoja chenye kasi na RAM ya kutosha.

RAM ya B ndiyo udhaifu wa kurekebisha siku ya kwanza. GB 8 kwa 4K haitoshi, na kipande kimoja kinafanya kazi kwenye njia moja tu, kwa hiyo hata grafiki za Intel unazozitegemea zinapata nusu ya upana wa njia. Fungua Task Manager, Performance, Memory, usome Slots used. Ikiwa 1 of 2, una nafasi. Kuongeza GB 8 utafika 16 na itaendesha Premiere, lakini ukiwa unafungua Photoshop na Premiere pamoja, weka vipande viwili vya GB 16. Angalia pia kama ni DDR4 au DDR5 kabla ya kununua. Prosesa hiyo inakubali zote, bodi inakubali moja tu, na pengo la kipande halilingani kabisa.

RTX 3050 ya GB 4: kwa Premiere yenye rangi, maandishi na mipito ya kawaida inatosha. Kwa Resolve ni finyu. Resolve inachakata fremu kwenye kumbukumbu ya kadi, na ukirundika noise reduction (kuondoa chembechembe) na effect nzito juu ya timeline ya 4K utakutana na ujumbe wa GPU memory full. Kuhariri kwenye timeline ya 1080p kunasaidia wakati wa kazi, ila ukirudisha 4K kwa ajili ya kutoa faili, tatizo linakusubiri palepale.

Jingine kuhusu kadi hizi: RTX 3050 ya laptop inaweza kupewa wati 35 au hadi 80, na jina linabaki lilelile. Fungua NVIDIA Control Panel, System Information, usome mstari wa Maximum Graphics Power. Muuzaji akikataa ufungue hapo, ondoka.

rangi_na_kivuli

Wote mmeruka skrini, na huyu ndugu anatengeneza nembo!

NTSC ni kipimo cha zamani cha wigo wa rangi, na 45% maana yake skrini inaonyesha karibu theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, ambayo ndiyo kipimo cha mitandao. Nyekundu inakuja imepauka, inaelekea machungwa. Kinachotokea ni kwamba unaongeza rangi mpaka kwako ipendeze, kisha mteja anafungua kwenye simu yenye skrini nzuri na nyuso za watu zimeiva kama zimeungua. Hakuna kifaa cha kupima rangi kitakachorekebisha hilo, maana kinapanga rangi ambazo skrini inazo, hakiongezi zisizokuwepo.

Kwa hiyo ukichukua B, panga bajeti ya skrini ya nje ya IPS yenye 100% sRGB, uitumie kwa maamuzi yote ya rangi. Mwanga uuweke karibu nits 120, nyeupe kwenye 6500K. Njia nyingine ni kubadilisha paneli yenyewe, lakini ujue kiunganishi: paneli nyingi za 60 Hz zina pini 30, za 120 au 144 Hz zina pini 40, na waya wa moja hauingii kwenye nyingine. Soma namba ya paneli kwenye stika ya nyuma yake kabla ya kuagiza.

Skrini ya A inaizidi ya B kwa mbali. Tahadhari yake ni kwamba OLED nyingi zinaonyesha rangi pana za DCI-P3, hivyo picha ya sRGB inaonekana imekolea kupita kiasi kwenye programu zisizosimamia rangi. Tafuta hali ya sRGB kwenye mipangilio na uiache hapo. Ficha taskbar pia, maana paneli za Premiere zikikaa palepale kwa miezi zinaweza kuacha alama.

Mabango ya kuchapisha ni habari nyingine. Tumia Proof Colors ya Photoshop ukiwa na profaili uliyopewa na mchapaji, na umuombe nakala ya majaribio. Kijani kikali na buluu ya umeme unazoziona kwenye mwanga wa skrini hazipo kwenye wino wa CMYK.

Fremu25

Nimeelewa mengi, asanteni sana. Maswali yaliyobaki: C mnaiondoa kabisa? Na diski nipange vipi, maana faili zinajaa haraka?

kodeki_kwanza

C siiondoi kwa haraka. Kwa klipu zako, M1 inacheza 4:2:2 kwa ulaini unaoshangaza kwa mashine isiyo na feni, skrini yake ni sahihi, na ikiwa kwenye betri haipungui nguvu kama B itakavyopungua ukichomoa chaja. Ingekuwa na GB 16 ningekuambia uichukue. GB 8 zinagawanywa kati ya prosesa na grafiki, haziongezeki, na zikijaa mfumo unaanza kutumia SSD kama RAM. SSD hiyo nayo imechomelewa. Kwa Premiere na Photoshop kwa wakati mmoja, hapana. Kwa video fupi pekee, inawezekana.

Diski: megabiti 100 kwa sekunde ni MB 12.5, sawa na GB 45 kwa saa ya kurekodi. Kwenye GB 256, ukitoa mfumo, programu na cache (faili za muda), zinabaki saa tatu hivi. Hariri kutoka SSD ya nje ya USB ya Gbps 10, HDD iwe ya kuhifadhi kazi zilizokwisha. HDD inasoma MB 100 hadi 150 kwa sekunde ikisoma mfululizo, lakini ikilazimika kuruka kati ya klipu za kamera tatu inachechemea. Angalia pia tundu lenyewe, maana USB-C ni umbo tu. Nyingine ndani ni USB 2, Mbps 480, na SSD yako itakwenda mwendo wa flashi.

Klipu za simu zipitishe MediaInfo, programu ya kusoma sifa za faili. Ikisema Frame rate mode: Variable, zibadilishe kwa programu ya HandBrake ukichagua Constant Framerate, la sivyo midomo na sauti vinaachana kadiri video inavyoendelea.

Na mashine yoyote utakayochukua, jifunze proksi, yaani nakala nyepesi za klipu za kuhariria. ProRes Proxy ya 1080p kwa fremu 25 ni Mbps 38, kama GB 17 kwa saa. Kwenye Premiere bofya kulia klipu, Proxy, Create Proxies. Idadi ya chaneli za sauti kwenye proksi ilingane na klipu halisi, vinginevyo kuziunganisha kunagoma.

fundi_joto

B ni sawa, lakini kwa kuwa imetumika ipime kabla ya kulipa. Uende na flashi yenye programu za kupimia: HWiNFO, Cinebench, GPU-Z na CrystalDiskInfo.

Chomeka chaja yake halisi. Laptop ya aina hii kwa kawaida inahitaji chaja ya wati 120 au zaidi. Ukikuta imewekewa ya 65 W, itawaka na itachaji, lakini ukiipa kazi itashusha kasi au kula betri huku imechomekwa. Endesha Cinebench ya viini vyote kwa dakika 10 na HWiNFO iwe wazi, uangalie CPU Package Power. Kushuka kutoka 60 hadi 45 baada ya dakika moja ni kawaida. Ikidondoka hadi 20 na joto linagusa nyuzi 95, pasta ya joto imekauka au matundu yamejaa vumbi. Hilo linatengenezeka, ila liingie kwenye mapatano ya bei. Feni inayokwaruza ni ya kubadilisha.

GPU-Z ithibitishe ni RTX 3050 kweli na kumbukumbu ni 4096 MB. Command Prompt: powercfg /batteryreport, ulinganishe Design Capacity na Full Charge Capacity. Chini ya 60% hesabu betri mpya. Nakili faili la GB 50 ndani ya SSD, siyo dogo. SSD za bei nafuu za QLC zinaanza kwa kasi, kisha cache ikijaa zinaanguka hadi MB 100 kwa sekunde, na hilo huwezi kulijua kwa faili la GB 2. Mwisho zima na uingie BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, usiichukue hata kwa nusu bei.