Naenda kusoma Chengdu, msosi wa Kichina wa huku Dar utanisaidia?

mzaramo_halisi: Wakuu habari za mchana. Nimepata nafasi ya masta Chengdu, kule mkoa wa Sichuan, China, mwezi wa tisa naondoka inshallah. Mi cha Kichina nakijua cha hapa mjini tu, wali wa mayai, tambi na kuku wa sukari sukari. Jamaa ananiambia huko ni kitu kingine kabisa, hata Wachina wa mikoa mingine wanakimbia. Halafu sili nguruwe. Nijiandaeje?

kontena_moja: Jamaa hajakudanganya. Mi mzigo nachukua Guangzhou, kusini mwa China, pale samaki unamchagua yuko hai kwenye tangi, anapikwa kwa mvuke, juu tangawizi na majani ya kitunguu, soya sosi kidogo basi, asubuhi uji wa mchele. Sasa toka hapo uende Chengdu, utalia na pilipili mkuu 😂

bi_mkubwa_sichuan: Pilipili utaizoea, Mbongo gani haijui pilipili. Kimbembe ni huajiao, vile vipunje vyekundu, wala si pilipili, ni maganda ya kitunda cha mti wa jamii ya ndimu, ukikiuma mdomo unakufa ganzi kama umetoka kung'oa jino. Wanaisaga wanamwagia mpaka kwenye mapo tofu, ile ya vipande laini vya soya kwenye mchuzi wa pilipili (na hiyo ulizia nyama ya kusaga iliyomo, mara nyingi nguruwe). Wakikupeleka hotpot, ile supu inachemka mezani mnatumbukiza nyama na mboga wenyewe, omba sufuria la pande mbili, upande mmoja supu nyeupe, ule mwekundu waachie wenyeji kwanza.

kontena_moja: Na kaskazini nako usitegemee wali kila siku, kule ngano ndo inalimwa sana so ni tambi, mikate ya mvuke, dumplingi.

ukhty_wa_unguja: Kaka kuhusu nguruwe usihofu, tafuta mgahawa ulioandikwa 清真, yaani halali, piga skrinshoti kabisa. Wengi ni Waislamu wa Kihui, wana tambi za Lanzhou, anazivuta kwa mikono unamuona, supu ya ng'ombe, figili nyeupe na giligilani. Halafu kuna Wauyghur, Waislamu wa Xinjiang kaskazini magharibi, hao ndo watakutoa hamu ya nyumbani, mishikaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na wali wao wa polo, nyama na karoti za kutosha, ni pilau kabisa ila haina viungo vingi kama yetu.

mzaramo_halisi: Shukrani dada, hiyo polo Chengdu ipo au mpaka Xinjiang?

bi_mkubwa_sichuan: Ipo, Wauyghur wana migahawa miji mingi mikubwa. Ila wahi mchana, ikiisha imeisha.