Fomu ya mkopo kwenye tovuti ya sacco: mwanachama asiyeona ataijazaje?

fundi_wa_umoja
Hamjambo. Natengeneza tovuti ya sacco ndogo huku Umoja. Jumamosi mwanachama asiyeona alinieleza alivyojaza fomu yangu ya mkopo: alimpa simu kijana wa duka la jirani, akamtajia mshahara, madeni na namba ya kitambulisho kwa sauti, wateja wamesimama pale pale. Imenikaa rohoni. Nianzie wapi?

sauti_kasarani
Ndugu, asante kwa kuuliza. Mimi sioni tangu utotoni. Laptopu yangu ina NVDA, kisoma skrini cha bure, yaani programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, na simu ina TalkBack ya kazi hiyo hiyo. Fomu kama yako naisikia hivi: sehemu ya kuandika, sehemu ya kuandika, sehemu ya kuandika, kitufe. Basi. Neno "Mshahara" umeliweka juu ya kisanduku na jicho linaona vinahusiana, lakini kisoma skrini hakijui. Tumia label, lebo ya HTML inayotaja jina la kisanduku, "for" yake ilingane na "id" ya kisanduku.

Halafu angalia lang, alama inayotaja lugha ya ukurasa kwenye msimbo wake. Tovuti zetu nyingi zimeandikwa Kiswahili huku lang ikisema "en", kwa hiyo mashine inasoma kwa matamshi ya Kiingereza. Ukiandika "Pole, jaribu tena", hiyo "pole" inatoka "poul", kama mlingoti. Weka "sw". Ni herufi mbili tu, na mimi zinaniokolea nusu saa.

Kosa nalo liseme liko wapi. Kisanduku kugeuka chekundu hakunifikii.

mzee_wa_data
Kwa sacco ndogo, kazi yote hii ni ya watu wangapi?

sauti_kasarani
Mzee wangu, kwa heshima: Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 54, inatupa sisi wenye ulemavu haki ya kufikia habari. Na mwanachama mmoja analipa hisa zake kama wengine.

kodi_na_chai
Naongeza: weka kipanya kando, ujaze fomu kwa Tab na Enter pekee. Ukikwama, wengi wamekwama. Pia ondoa maandishi ya kijivu hafifu. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na wote, inataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma wa angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Mama yangu ana mtoto wa jicho na kijivu hicho kwake ni karatasi tupu.

fundi_wa_umoja
Jana usiku niliwasha TalkBack nikafumba macho. Dakika ishirini, na sikufika kwenye sehemu ya mdhamini. Sasa visanduku vyote 14 vina label. "en" ilikuwemo tangu nilipochukua kiolezo, nimeibadilisha. Masharti ya mkopo yalikuwa PDF ya kuskani, yaani picha tupu isiyo na maandishi ya kusomwa na mashine. Nimeanza kuyachapa upya. Jumanne yule mwanachama anakuja ofisini ajaze mwenyewe, mimi nikae kando.

sauti_kasarani
Vizuri sana. Mwambie aje na earphone, simu isimtangazie mshahara ofisi nzima.