Naomba ushauri: ugeni mkubwa unakuja wiki ijayo, nitumieje siku hizi za utulivu bila kujiona mchoyo?

Kivulini

Habari zenu ndugu zangu.

Naomba mawazo kwa waliowahi kuwa katika hali hii. Wiki ijayo tunapokea ugeni mkubwa: wakwe zangu, mawifi na waume zao, na watoto wa rika zote. Watakaa siku kadhaa. Nawapenda na nimewaalika kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa hiyo hapa silalamiki.

Sasa, likizo yangu imeanza kabla hawajafika. Mume wangu anatoka asubuhi, watoto wako shule, na nyumba inabaki kimya kabisa. Muda mrefu sijapata kimya cha namna hii. Nakaa kwenye kiti cha dirishani, nasikia friji ikiwaka na kuzima, na mwili wote unalegea. Halafu kidogo tu akili inaanza: mashuka hayatoshi, pazia la chumba cha nyuma lina doa, nani atalala na nani. Nanyanyuka, naanza kufuta rafu ambayo hakuna mgeni atakayeifungua, mara jua limezama. Jioni nimechoka, sikupumzika na kazi za maana bado zipo palepale.

Jambo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuwa naongea na wifi yangu kwenye simu, nikamwambia nafurahia sana ukimya huu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo sisi tunakuja kukuharibia?" Nilijitahidi kumweleza, lakini tukaagana vibaya vibaya.

Mnafanyaje ili siku kama hizi ziwe za kupumzika kweli? Na wifi nimwambieje?

Mama Subira

Pole dada, na hongera kwa kupata siku hizo.

Nikwambie ninachokiona. Tatizo lako si wingi wa kazi, ni kwamba kazi hazina mipaka. Ukiipa kazi ya kupanga nyumba siku nzima, itakula siku nzima; ukiipa saa mbili, itaisha kwa saa mbili. Na siku ambayo kila dakika yake inaweza kuwa ya kazi haina dakika hata moja ya kupumzika, hata ukiwa umekaa kitini.

Kwa hiyo geuza mpangilio. Wengi tunapanga kazi kwanza, kisha tunasema tutapumzika muda ukibaki, na haubaki. Wewe tenga mapumziko kwanza. Mfano, asubuhi zote mpaka saa sita ni zako, huna cha kugusa. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi ndiyo kazi ya ugeni, unaifanya kwa nguvu zote, ikifika saa kumi unaweka kitambaa chini hata kama kabati limebaki nusu.

La pili, yatoe hayo mawazo kichwani uyaweke kwenye karatasi. Mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alionyesha katika utafiti wake wa mwaka 1927 kwamba watu walikumbuka zaidi kazi zilizokatishwa kuliko zile walizozimaliza. Ndiyo maana pazia lenye doa linakufuata mpaka kitini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Marekani waliwapa watu dakika 5 kabla ya kulala. Walioandika orodha ya kazi zinazowasubiri walipata usingizi haraka kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza, na kadiri mtu alivyoandika kwa undani ndivyo alivyolala upesi. Kwa hiyo usiandike "kusafisha". Andika "kufua pazia la chumba cha nyuma, Jumatano saa nane". Ukishalipa siku na saa yake, litakuachia.

Hatua kwa Hatua

Mimi napingana kidogo na Mama Subira, kwa heshima.

Kuna watu hatuwezi kupumzika kukiwa na kiporo. Mkuu, kama na wewe uko hivyo, chukua siku ya kwanza na ya pili, maliza kila kitu, funga milango ya vyumba vya wageni, kisha siku zinazobaki zote ni zako na moyo mweupe. Kupumzika nusu, kazi nusu, kwangu mimi ni kukosa vyote viwili.

Mama Subira

Nakuelewa kaka, na kwa kazi zenye mwisho uko sahihi kabisa. Lakini usafi wa nyumba inayokaliwa na watoto hauna mwisho. Chumba ukikifunga Jumatatu, Alhamisi vumbi limerudi na utataka kurudia. Mwenye kumaliza mapema ndiye hupata nafasi ya kubuni kazi nyingine. Tunayemjibu hapa ameshatuambia anafuta rafu zisizofunguliwa.

Nesi wa Zamu

Dada, mimi naongelea mwili tu.

Siku hizi uzitumie kulala. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 kwa usiku, na ugeni ukishaingia hutazipata: kutakuwa na watoto wanaoamka usiku, maongezi hadi usiku wa manane, na wewe ndiye wa kwanza kuamka. Lala na uamke saa zilezile kila siku. Ukiamka, toka nje upate mwanga wa asubuhi, kwa sababu mwanga ndio unaoiwekea saa ya mwili majira yake. Ukitaka kujilaza mchana, dakika 20 mpaka 30 zinatosha, na iwe kabla ya saa tisa alasiri ili usije ukakesha. Kahawa ya jioni iache. Saa 5 hivi baada ya kuinywa, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini kwa watu wengi.

Na simu iache chumba kingine. Nyumba inaweza kuwa kimya huku kichwa kimejaa kelele za watu usiowajua.

Bintiye Fundi

Nimesoma uzi wote, naona mambo ya nyumba yenyewe hayajaguswa. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya fundi na kila mwaka tunapokea umati. Naomba niseme kitu ambacho kitakupunguzia kazi: wageni hawaangalii rafu. Ugeni huharibika kwa vitu vichache sana, na karibu vyote vinahusu maji, umeme, usingizi na usalama wa watoto. Shughulika na hivyo, mengine yaache.

Anza na choo. Kama ni cha kuflashi, weka rangi kidogo ya chakula kwenye tangi, kaa dakika 15 hadi 30 bila kukigusa. Rangi ikitokea kwenye bakuli, maji yanavuja ndani kwa ndani. Mkiwa peke yenu hamwoni shida, lakini watu wengi wakipokezana asubuhi tangi halijai na foleni inakuwa ndefu. Mara nyingi ni raba ya chini imechakaa, na ni heri fundi aje sasa nyumba ikiwa kimya kuliko mama mkwe akiwa anasubiri mlangoni na taulo begani.

Umeme: wageni wanakuja na simu na pasi. Birika la umeme na pasi, kila kimoja kinaweza kula wati 2,000 au zaidi. Usiviunganishe pamoja kwenye ekstensheni moja. Geuza ekstensheni uangalie kikomo kilichoandikwa, na iliyolegea au yenye alama ya kuungua usiitumie kabisa.

Watoto ndio nawaomba wote tuwe makini nao. Nyumba yenu mmeizoea, wanaokuja hawaijui, na wadogo hufungua kila droo. Dawa zote, hata za kichwa, ziwe juu na zifungwe, pamoja na zile zitakazokuja kwenye mikoba ya wazee. Kisha tafuta betri bapa ndogo za rimoti, za mizani na za vichezeo. Betri hiyo mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2, na ni suala la kukimbia hospitali hapohapo, si la kusubiri itoke. Hakikisha kifuniko cha kila rimoti kimekaza.

Mashuka: kama una mashine yenye maji ya moto, nyuzi 60 zinaua wadudu wadogo wa vumbi wanaowasumbua wenye pumu. Magodoro yaliyokaa stoo yatoe yapate jua na upepo siku nzima, maana harufu ya stoo haifichwi na shuka jipya.

Friji nayo ipunguze vitu kabla hawajafika, ibaki na nafasi ya hewa kupita, na iwe nyuzi 5 au chini ya hapo. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kwenye ugeni ndipo sufuria husahaulika mezani, kila mtu akidhani mwenzake ameitoa.

Hizo ni alasiri chache tu za kazi. Pazia lenye doa lifunge upande mmoja, hakuna atakayelisema.

Kivulini

Asanteni sana, Mungu awabariki. Bintiye Fundi, nimeweka rangi kwenye tangi na kweli imetokea. Fundi nimeshampigia.

Asubuhi ya leo nimeijaribu kama alivyosema Mama Subira. Niliandika kila kitu jana usiku, kila kazi na siku yake. Leo nimekaa mpaka saa sita nikisoma, miguu juu ya stuli. Pazia lilikuja kichwani, nikajiambia lina Jumatano yake, nikaendelea kusoma. Sikutegemea kama kitu kidogo hivyo kingefanya kazi.

Imebaki la wifi. Bado sijampigia na siku zinakwenda.

Shangazi wa Wengi

Mwanangu, hilo la wifi ndilo ningelitanguliza mimi.

Usimpigie kwenda kumweleza ukimya ni nini na wewe unauhitaji kwa nini. Ulishaeleza, na kila ukieleza zaidi anasikia "nyie ni mzigo". Alichokuuliza ni kama bado anapendwa nyumbani kwa kaka yake. Hilo ndilo la kujibu.

Kwa hiyo mpigie leo, si kesho, na uanze kwa kumuonyesha kwamba unamngoja. Mwambie, "Wifi, napanga vyumba hapa, nataka nyie mlale kile chenye hewa nzuri. Mtoto wako bado anaogopa giza, nimuwekee taa?" Umeona? Hapo hujatetea chochote, lakini amejua kwamba wakati wa huo ukimya wako ulikuwa unamuwaza mwanawe. Kisha, mkiwa mmeshacheka, sema mara moja tu: "Siku zile nilisema nafurahia utulivu kwa sababu napumzika ili mkija mnikute na nguvu za kukaa na nyie." Halafu hamia kwenye mambo mengine.

Na mpe kazi. Mtu aliyepewa jukumu kwenye nyumba hajioni mgeni wa kusumbua. Mwambie watoto na michezo yao ya jioni ni idara yake. Wengi wetu tunaogopa kuwapa ndugu kazi tukidhani ni kukosa adabu, kumbe kumuacha ndugu amekaa kwenye kochi siku nzima akikutazama unavyohangaika ndiko kunakomtesa.

Kuhusu kujiona mchoyo, hilo litoe kabisa moyoni. Mimi nimepokewa na wenyeji waliochoka na nimepokewa na wenyeji waliopumzika. Aliyechoka anakupa kila kitu isipokuwa yeye mwenyewe, anapita tu na sinia, hakai. Wewe pumzika ili ukae nao.

Mkimya

Naongeza moja tu kwa mwenye uzi. Utulivu usiishie siku watakapofika. Kabla hawajaja, chagua muda wako mdogo utakaobaki nao, mfano nusu saa ya alfajiri au matembezi ya jioni, na mumeo ajue ili akiulizwa "yuko wapi" ajibu bila kigugumizi. Mimi ni mtu wa kimya na kwetu tuko wengi. Nikipata hiyo nusu saa, siku nzima nakuwa mchangamfu.

Hatua kwa Hatua

Hii ya mume kujua ni muhimu. Mke wangu tuliwekeana hivyo, yeye akitoka mimi nakaa na wageni, nikitoka anakaa yeye. Hakuna aliyewahi kununa.

Kivulini

Shangazi, nimempigia. Nilianza na chumba na taa kama ulivyosema. Kumbe mtoto sasa haogopi giza, anaogopa mbwa, na tumeongea kuhusu hilo mpaka salio likaisha. Akanipigia yeye. Michezo ya jioni ameikubali na tayari amewaambia watoto. Alipokuwa anaaga akasema, "Lala wifi, tukija hulali."

Mume wangu naye nimemweleza habari ya matembezi ya jioni, amekubali. Kesho asubuhi sina kazi yoyote mpaka saa nane. Fundi anakuja saa tisa.

Upepo wa Jioni

Samahani naingilia, nami napokea ndugu mwezi ujao. Hayo magodoro mmenunua au mmeazima? Ndipo ninapokwama.

Kivulini

Tumeazima kwa jirani, na watoto wakubwa watalala sebuleni pamoja, wenyewe ndivyo walivyoomba. Azima mapema ili upate muda wa kuyaanika, na uandike jina la mwenyewe kwenye karatasi uibane pembeni, maana siku ya kurudisha yote yanafanana.