Naomba ushauri: nielekeze nguvu wapi katika utengenezaji wa gemu za miaka ijayo?

Mwanagenzi:
Wanajukwaa, nawasalimu. Ninasomea uandishi wa programu za kompyuta, na kwa sasa natengeneza gemu ndogo ambamo mchezaji hupita gizani akiongozwa na sauti tu: mwangwi wa hatua zake, maji yanayotiririka, pumzi za kiumbe kilichojificha. Karibu kila ninayemweleza hunijibu kwamba wakati wa gemu za aina hii umepita, kwa kuwa mustakabali uko katika miwani ya uhalisia pepe, inayomwonyesha mchezaji ulimwengu wa kuundwa pande zote, katika gemu zinazorushwa kutoka seva za mbali bila konsoli, yaani mashine ya kuchezea gemu, au katika wahusika wanaozungumza kwa akili mnemba. Siwezi kujifunza yote matatu kwa kina huku nikiendelea na masomo. Nichague njia ipi, na je, wazo langu niliweke kando?

Mlinzi wa Vitufe:
Usiliweke kando. Mwaka 1989 Nintendo ilitoa Game Boy, mashine ya mkononi ya kuchezea gemu, ambayo skrini yake haikuwa na rangi wala taa, na mwaka huohuo Atari ikatoa Lynx yenye skrini ya rangi iliyomulikwa. Kwa kipimo cha teknolojia Lynx ilikuwa mbele sana, lakini ilikuwa ghali na ilimaliza betri upesi, ilhali Game Boy, ukiihesabu pamoja na toleo lake la rangi, iliuzwa zaidi ya mashine milioni 118. Gunpei Yokoi, aliyeongoza kazi hiyo, aliamini kwamba teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, ikitumiwa kwa namna ambayo wengine hawakuifikiria, ndiyo inayozaa michezo mipya. Spika za masikioni ni teknolojia ya namna hiyo hasa. Swali ningelilianza upande wa mchezaji: atafanya kitendo gani ambacho hajawahi kukifanya katika gemu nyingine?

Fundi wa Seva:
Kuhusu gemu za kurushwa, nashauri usubiri. Gemu inayokwenda kwa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde huipa kila fremu takribani milisekunde 17; amri ya kitufe ikilazimika kusafiri hadi seva, kisha picha na sauti zirudi kwa mchezaji, muda huo huisha kabla ya kazi yenyewe kuanza. Google ilikuwa na fedha na mitambo, na bado huduma yake ya Stadia, iliyoanza Novemba 2019, ilifungwa Januari 2023. Sisemi njia hiyo imekufa, kwa maana huduma nyingine zinaendelea, lakini gemu inayotegemea mchezaji kusikia hatua yake papo hapo itaumizwa na ucheleweshaji kuliko gemu ya kupanga mikakati kwa zamu.

Sikio la Tatu:
Kuhusu miwani, naongeza jambo juu ya alichosema Mlinzi wa Vitufe kuhusu spika za masikioni. Binadamu husaidiwa kutambua sauti inatoka mbele au nyuma kwa kugeuza kichwa na kusikia jinsi inavyobadilika. Spika za masikioni za kawaida, zisizofuatilia kichwa, humnyima mchezaji msaada huo, na ndiyo maana sauti ya mbele mara nyingi hudhaniwa kuwa ya nyuma. Miwani ya uhalisia pepe hufuatilia kichwa kila wakati, kwa hiyo kwako thamani yake iko katika kipimo hicho kuliko katika picha. Anza na spika za masikioni, ukitumia kidhibiti kumgeuza mhusika, lakini panga msimbo wako ili mwelekeo wa kichwa uweze kuongezwa baadaye bila kubomoa yote.

Jambo jingine, ambalo kwangu lina uzito zaidi: watafute wachezaji wasioona wakujaribie gemu mapema. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilikuwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wenye mahitaji mbalimbali, na ilionyesha kwamba hata gemu kubwa ya vitendo inaweza kuchezwa na mtu asiyeona. Katika gemu yako hao ndio wataalamu.

Mwanagenzi:
Nawashukuru kwa moyo wote. Akili mnemba je? Nilifikiria kiumbe kimjibu mchezaji kwa maneno.

Sikio la Tatu:
Kwa gemu hii ningekataa. Mchezaji hujifunza pumzi ile inamaanisha nini kwa sababu kila mara inamaanisha jambo lilelile; kiumbe kikianza kusema lolote, masikio yake hayatakuwa na kanuni ya kushika. Ipo pia haki ya watu: waigizaji wa gemu wa Marekani walianza mgomo Julai 2024, hoja yao kuu ikiwa matumizi ya akili mnemba kuiga sauti na miili yao. Rekodi pumzi halisi, kwa ridhaa ya mwenye sauti.

Fundi wa Seva:
Naongeza kuhusu injini, yaani programu ya kutengenezea gemu. Godot ni huria na haina ada, na tayari ina sauti za pande tatu. Tengeneza chumba kimoja tu, ukiweke hapa tukisikilize.