Tupeane uzoefu: dhambi uliyoizoea mpaka ikaacha kukuuma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Waefeso 4:19 imenikaa moyoni wiki hii. Paulo anasema juu ya watu waliokufa ganzi, na mistari michache mbele anawageukia waamini wenyewe: uvueni uongo, mwizi asiibe tena, neno ovu lisitoke vinywani mwenu. Kumbe hata waliookoka walikuwa na mambo waliyoyazoea!

Ulevi na uzinzi tuviache leo, vinahubiriwa kila Jumapili. Nataka yale tunayofanya mchana kweupe, Biblia ikiwa kwenye mkoba, na hakuna anayeshtuka. Eleza jambo lenyewe, na kama ulizinduka, nini kilikuzindua. Usitaje mtu wala kanisa.

Dereva wa ofisi

Amina, mtumishi. Ukijaza mafuta ya elfu themanini, mhudumu anashika kitabu cha risiti na kukuuliza, "Niandike ngapi, kaka?" Anauliza kwa upole kama anayekuuliza unaweka sukari vijiko vingapi. Mwaka wa kwanza swali lile lilinitoa jasho. Baadaye nikawa nataja mia na ishirini huku naongea na simu.

Nikapewa kijana nimfundishe njia. Tulipotoka kituoni akaniuliza, "Kaka, hii huwa inaruhusiwa?" Nikamjibu, "Utazoea." Mimi, mzee wa kanisa, namfundisha mtoto wa watu kuiba! Sasa naandikiwa kilichoingia kwenye tangi tu. Nyumbani imebidi tukae na mke wangu tupange upya ada za watoto, kwa sababu ile pesa tulishaihesabu kama mshahara.

Mwanakwaya, sauti ya pili

Kwenye kundi letu la kwaya, kati ya ratiba ya mazoezi na michango ya sare, mtu alirusha video ya kijana aliyeshukiwa wizi akipigwa na kuvishwa tairi. Chini yake emoji za kucheka. Mmoja akaandika, "Wamezidi hawa."

Mimi niliitazama mpaka mwisho nikiwa nakaanga vitunguu, na vitunguu havikuungua. Nikaendelea na nyanya.

Bibi mmoja wa sauti ya kwanza, asiyependa kuandika, ndiye aliyetuma ujumbe wa sauti: "Hapo ni mtaa gani? Nani anamjua mama yake, tukampe pole?" Kundi zima kimya. Tangu siku hiyo najiuliza ni lini mauaji yaligeuka kuwa kitu cha kutazama jikoni. Tunamwimbia Mwokozi aliyetundikwa katikati ya wanyang'anyi wawili!

Mkulima wa viazi, Njombe

Wapendwa, mimi ni wa upande wa wanaoumizwa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anakuja na lumbesa: anashonea kofia juu ya gunia, anamimina ndoo juu ya ndoo, analipa bei ya gunia moja. Ukilalamika, gari linakwenda kwa jirani.

Wengine ni ndugu katika Kristo kabisa. Yupo anayeanza kwa kutuombea shambani, anamshukuru Mungu kwa mavuno, halafu anaagiza ndoo iongezwe. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Kwetu sijawahi kuisikia ikihubiriwa kwenye sikukuu ya mavuno, na wanunuzi hao hao ndio wanaopandisha bei kwenye mnada siku hiyo, tunawapigia makofi.

Binti wa Dodoma

Naomba tuwe waangalifu. Nimewahi kuishi kwa hofu, natubu mpaka mawazo niliyoyaota. Sitaki kurudi huko.

Mwanzisha mada

Asante dada yangu, umesema la maana. Roho Mtakatifu anapotushuhudia, huonyesha jambo na njia ya kulitengeneza, kama kaka dereva na risiti zake. Hofu inakulaumu kwa kila kitu na haikupi pa kuanzia. 1 Yohana 1:9 ni yako.

Mzee wa Kagera

Wazazi wangu walikuwa watu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika hadi kwetu. Katika ushirika wao mtu aliitaja dhambi kwa jina lake, na alichokichukua alikirudisha kwa mwenyewe. Walioupindua ukawa wa kuhukumu wenzao walikuwepo, sitawatetea. Lakini Waebrania 3:13 inataka tuonyane kila siku, ili mtu asifanywe mgumu. Siku hizi tunasema "utusamehe dhambi zetu zote" kwa mkupuo, hakuna anayejua mwenzake anapigana na nini. Wanangu, kila mmoja awe na mtu mwenye ruhusa ya kumuuliza.

Mama wa duka la vifaa

Shikamoo mzee. Mimi ninalo swali. Anakuja mpendwa tunayesali naye: "Dada, bila risiti utanifanyia ngapi?" Anataka nimtolee ile asilimia 18 ya kodi. Nikikataa ananiona sina upendo, anavuka barabara. Mwezi huu nimepoteza wateja wa mabati kwa njia hiyo. Wenye maduka, ninyi mnawajibuje?

Mwanzisha mada

Mama, mimi ni mwajiriwa, nisikujibu kwa nadharia. Wafanyabiashara, karibuni, mama anasubiri.