Tupeane uzoefu: tuliofundisha Kiingereza Korea Kusini, mwaka wako wa kwanza ulikuwaje?

Mwalimu wa Gwangju

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Jana jioni, nilipokuwa nikishusha taka, nilimkuta chini ya jengo letu kijana mgeni, mwalimu kama sisi, amesimama mbele ya mapipa akiwa na mfuko mmoja wenye kila kitu ndani yake: maganda ya ndizi, chupa, karatasi na mifupa ya kuku. Nilicheka moyoni, kisha nikaona haya, kwa sababu miaka minne iliyopita mfuko huo ulikuwa wangu. Katika wiki yangu ya pili hapa, bibi mmoja wa ghorofa ya chini aliufungua mfuko nilioutupa, akapata bahasha yenye jina langu, akapanda nao hadi mlangoni kwangu na kunikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama mtu anayeleta zawadi. Sikujua kwamba taka za kawaida hutiwa katika mfuko maalumu wa wilaya unaouzwa madukani, kwamba mabaki ya chakula yana pipa lake, na kwamba mifupa, ijapokuwa imetoka katika sahani, haihesabiwi kuwa mabaki ya chakula. Nimezaliwa Arusha na kukulia Minnesota, na sikupata kokote kati ya huko mtu wa kuniandaa kwa bibi yule.

Naomba kila mmoja aseme lake.

Kijana wa Tanga

Umenikumbusha baridi, kaka, ingawa hukuitaja.

Mimi nilifika mwezi wa Februari, nikapangiwa shule ya msingi ya serikali nje kidogo ya Chuncheon, katika mkoa wa Gangwon, ambako majira hayo maji huganda hata mahali ambapo hukuyategemea. Mwalimu mwenza alinipokea, akanionyesha chumba, akanieleza kwamba joto hutoka sakafuni kwa mabomba ya maji ya moto yaliyopitishwa chini yake, akabonyeza kitu ukutani, akaondoka. Usiku ule nilistarehe kama mfalme. Asubuhi nilipokuwa natoka niliona kidude kile cha ukutani bado kinawaka taa, na kwa kuwa nimelelewa na mama aliyekuwa akizima hata taa ya chumba ulichomo, nikabonyeza kitufe ili kupunguza gharama za gesi. Kitufe hicho kimeandikwa "oechul", maana yake kwamba mwenye nyumba ametoka, na kazi yake ni kuzuia mabomba yasigande tu. Nilikaa siku tisa ndani ya nyumba ambayo yenyewe iliamini kwamba mimi nimesafiri. Nilikuwa nikilala na koti, kofia na soksi mbili mbili, na shuleni walidhani sura yangu ni ya mtu anayewakumbuka wazazi. Sikusema neno, kwa sababu niliogopa kuonekana mwalimu mgeni anayelalamika kabla hajamaliza hata wiki mbili. Siku ya kumi mwalimu mwenza alikuja kuniletea fomu za kadi ya ukaazi, akavua viatu mlangoni, akakanyaga sakafu, akaruka.

Mama Zuhura

Kuhusu kuogopa kuonekana unalalamika, umesema kweli tupu.

Bi Mkubwa wa Daegu

Wanangu, baridi ina koti lake. Nilichokuwa sina dawa yake mimi ni macho ya watu. Nimetoka Mombasa nikiwa na miaka minane, nimesoma Toronto, na nilikuja Daegu nikiwa tayari na miaka arobaini na mitatu, umri ambao mawakala wengi waliniambia wazi kwamba ni mkubwa mno. Wiki ya kwanza, mtoto wa darasa la tatu alilamba kidole chake, akanisugua mkono, kisha akakiangalia kidole kama kimeshika rangi. Darasa zima likanyamaza na mwalimu mwenza akawa mwekundu. Nami nikalamba kidole changu, nikamsugua yeye, tukaviangalia vidole vyetu wote wawili kwa pamoja. Tangu siku ile mtoto huyo alikuwa akinibebea kikapu changu cha kadi za picha.

Swali lao la pili daima lilikuwa umri. Msilichukue kama utovu wa adabu, kwa maana lugha yao inamtaka mtu ajue nani ni mkubwa kabla hajachagua namna ya kusema naye. Sisi tulio na shikamoo ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kulishangaa.

Mpemba wa Busan

Shikamoo Bi Mkubwa.

Mimi kwangu mtihani ulikuwa mezani, katika ile karamu ya jioni ya wafanyakazi wanayoiita hoesik. Mkuu wa shule alikuja mwenyewe na chupa ya soju, pombe yao kali, akanimiminia kwa mikono miwili, na mbele yangu nyama ya nguruwe ilikuwa ikichomwa juu ya jiko la katikati ya meza. Nilipokea kikombe kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, kisha nikakiweka chini na kusema kwamba dini yangu hairuhusu. Kimya kilichofuata nilikihesabu kwa mapigo ya moyo. Halafu mzee yule akaagiza soda, akaimimina katika kikombe kidogo kilekile cha pombe, tukagonganisha, nami nikageuza uso pembeni kunywa, kama wafanyavyo vijana mbele ya wakubwa. Mwaka mzima uliofuata hakuna aliyeniuliza tena. Nilikula wali, mayai na kimchi, ile kabichi yao iliyochachushwa, hadi nilipogundua kwamba kimchi nyingi hutiwa dagaa na kamba waliochachushwa, jambo ambalo halikunisumbua hata kidogo, kwa kuwa sisi ni watu wa pwani.

Bi Mkubwa wa Daegu

Marahaba, mwanangu.

Asiyelala

Nimesoma haya yote nikicheka, lakini kuna jambo nimelibeba kwa miaka miwili bila kulisimulia kikamilifu, na maneno ya Kijana wa Tanga kuhusu kulala na koti yamelifungua.

Mimi sikuwa shule ya serikali. Nilikuwa hagwon, hizi shule za tuisheni za watu binafsi, katika mji mmoja wa Gyeonggi ambao sitautaja. Nilianza kazi mwanzoni mwa Machi. Kama mnavyojua, sheria ya huko inampa mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kiinua mgongo cha takriban mshahara wa mwezi mmoja. Mwishoni mwa Januari, nikiwa nimebakiza wiki tano tu, mkurugenzi aliniita ofisini baada ya kipindi cha mwisho, akanieleza kwa upole sana kwamba wanafunzi wamepungua, akanisogezea karatasi ya Kikorea na kalamu. Alisema ni fomu ya kawaida ya kufunga hesabu. Nilichukua kalamu. Dirisha la ofisi lilikuwa la kioo, na kwa nje yake alisimama dada wa mapokezi akipanga mafaili. Aliinua macho, akatikisa kichwa mara moja, polepole, kisha akaendelea kupanga mafaili kana kwamba hakuniona. Nikasema nitaisoma nyumbani. Uso wa mkurugenzi ulibadilika hapohapo, akaniambia kwamba nyumba hiyo ni ya shule na nina siku tatu za kuiachia.

Nilipopata mtu wa kunisomea karatasi ile, ilikuwa barua ya kujiuzulu kwa hiari yangu mwenyewe.

Siku ya tatu theluji ilikuwa inaanguka. Nilitoka na masanduku mawili, nikaenda kulala katika bafu la umma la jjimjilbang, ambako kwa kiingilio kidogo mtu hupewa fulana na kaptula akajilaza juu ya sakafu ya moto pamoja na familia, walevi na wanafunzi. Nililala pale usiku kumi na moja. Asubuhi nilikuwa nikipiga simu 1350, namba ya huduma ya wizara ya kazi, ambayo ina wasaidizi wa lugha, na huko ndiko nilikoelezwa mambo mawili: kwamba mtu aliyefanya kazi zaidi ya miezi mitatu hafukuzwi bila taarifa ya siku 30 au malipo ya siku 30, na kwamba ninaweza kulalamikia kufukuzwa bila haki mbele ya tume ya mahusiano kazini ndani ya miezi mitatu, mradi tu mahali pangu pa kazi pana wafanyakazi watano au zaidi. Mkurugenzi akajibu kwa maandishi kwamba ana wafanyakazi wanne.

Nilikuwa na picha. Desemba tulikuwa tumekula pamoja karamu ya kufunga mwaka, na dereva wa basi la watoto ndiye aliyetupiga: walimu watano, dada wa mapokezi na mpishi, wote wamekaa chini ya bango lenye jina la shule. Ofisa wa tume aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu, akauliza nani aliyeipiga, akaandika namba nane. Hatukufika kwenye uamuzi, tulipatanishwa. Nililipwa fedha inayozidi kidogo mishahara miwili, pamoja na barua ya kuniruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine, ambayo kwa mwenye E-2, viza yetu ya ualimu, ina thamani kuliko hizo fedha. Dada wa mapokezi sikuwahi kumshukuru kwa maneno, kwa kuhofia kumponza.

Mwalimu wa Gwangju

Nimekosa la kusema, dada. Pole sana.

Mdau wa Ulsan

Pole, lakini niseme ukweli ambao wengi hawataupenda: ulijitesa bure. Mimi dalili za kwanza tu nilipoziona katika hagwon yangu, nilisubiri siku ya mshahara, nikafunga begi usiku, na asubuhi nilikuwa uwanja wa ndege wa Incheon. Usiku kumi na moja bafuni kwa ajili ya nini?

Bi Mkubwa wa Daegu

Kwa ajili ya haki yake, mwanangu. Wewe ulipotoroka, nani aliyeingia darasani Jumatatu? Na mwalimu aliyekuja baada yako alisainishwa mkataba mkali zaidi kwa sababu yako.

Mdau wa Ulsan

Kwa heshima yote, Bi Mkubwa, ninyi wa shule za serikali mnalindwa na mkoa, kwa hiyo ni rahisi kwenu kuwahubiria waliokuwa kinywani mwa mamba. Hagwon zote ni mtego.

Mama Zuhura

Si zote. Ya kwangu ya Suwon ilinilipa kila tarehe 10 kwa miaka mitatu bila kukosa, na mwenye shule alikuja hospitali nilipojifungua.

Mdau wa Ulsan

Basi bahati yako. Angalau pensheni sote tunarudishiwa tunapoondoka.

Asiyelala

Hapana, kaka, hapo unapotosha watu. Inategemea pasipoti. Wenye uraia wa Marekani na Kanada hurudishiwa michango yao kwa mkupuo, na Mmarekani anaweza hata kuichukua palepale Incheon siku ya safari akiwa ameomba mapema. Mimi ni raia wa Uingereza, nimekatwa kila mwezi, na sikurudishiwa hata won moja.

Mpemba wa Busan

Nathibitisha kwa uchungu.

Nairobi Mashariki

Samahanini wakubwa. Mimi nina shahada ya ualimu wa Kiingereza na nimefundisha sekondari miaka sita. Kuna wakala hapa mjini anasema kwa ada ndogo ataniwekea viza ya kufundisha huko kwa pasipoti ya Kenya. Naomba ushauri.

Mwalimu wa Gwangju

Usimpe hata shilingi. Viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Hata sisi tuliobadili uraia tunaulizwa tulisoma wapi tangu darasa la saba. Najua haina haki ndani yake, kwa sababu Kiingereza chako pengine kinashinda changu, lakini huyo wakala anauza kitu ambacho hana.

Mdau wa Ulsan

Hapa nakubaliana. Aje kwa masomo, aombe ufadhili wa serikali ya Korea wa shahada ya uzamili. Lakini akifika asifundishe majumbani kwa siri, maana hilo limewafukuzisha watu nchini.

Mama Zuhura

Nyongeza kwa wanaokuja: bebeni mafuta ya nywele ya mwaka mzima, deodoranti, na nakala za mkataba katika simu na karatasi.

Kijana wa Tanga

Mafuta yanapatikana Itaewon, Seoul, msijaze masanduku. Bebeni unga.

Mpemba wa Busan

Unga nao unapatikana Itaewon, karibu na msikiti mkuu, kwa maduka ya Waafrika na ya Wapakistani. Bebeni subira, maana kutoka Busan ni saa mbili na nusu na zaidi kwa treni ya kasi, na nauli yake inazidi bei ya unga wenyewe.

Bi Mkubwa wa Daegu

Mimi nilisonga ugali wa semolina kwa miaka mitano na hakuna aliyekufa.

Kijana wa Tanga

Huo si ugali, Bi Mkubwa, huo ni uji uliokata tamaa.

Mgeni wa Jeonju

Naomba radhi kwa kuingilia. Nimefika juzi na nimesoma mjadala huu nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba. Kidude cha ukutani kwangu kina vitufe vinne na vyote ni vya Kikorea. Kitufe cha kutoka ni kipi?

Kijana wa Tanga

Kwangu kilikuwa cha tatu, lakini vidude havifanani. Tafuta kilichoandikwa 외출. Kama taa yake inawaka, bonyeza izimike, kisha subiri kama dakika thelathini na uvue soksi moja kupima.

Mgeni wa Jeonju

Ilikuwa inawaka.